Pedali ya breki ilizama nikiteremka Mai Mahiu, na fundi anasema gari ni zima

Mzee wetu wa magari,

Pokea salamu kutoka Donholm. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu. Naendesha gari dogo la otomatiki lililotoka Japani, nililolinunua miaka minne iliyopita kwa mkopo wa sako. Hapa jijini halijawahi kunisumbua. Asubuhi nashika Jogoo Road, jioni narudi, wikendi ni sokoni na kanisani. Oili ya injini inabadilishwa kwa wakati, na sevisi zote hufanywa na binamu ya mume wangu ambaye ana gereji yake ndogo mtaani. Ni kijana mwenye bidii, na ndiye aliyetusaidia kulichagua gari hilo.

Mwezi wa Agosti tulikwenda Narok kupeleka mahari ya ndugu yangu. Tulikuwa watu wazima watano, na buti ilijaa mablanketi, sukari na masufuria. Tulipoachana na barabara kuu pale Rironi na kuanza kuteremka kwenda Mai Mahiu, tukajikuta nyuma ya trela. Nikawa nakanyaga breki, naachilia kidogo, nakanyaga tena. Gia ilikuwa kwenye D muda wote. Zilipobaki kona chache tufike chini nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, nikadhani ni ya lile trela. Kisha nikakanyaga breki, pedali ikashuka laini karibu iguse sakafu, na gari likaendelea kwenda. Nikakanyaga harakaharaka mara nyingi, ikashika kidogo, nikaingia kando penye kokoto na kuvuta breki ya mkono. Mungu alitusimamia.

Tulikaa pale muda mrefu. Nilipojaribu tena, pedali ilikuwa imara kama kawaida. Tukafika Narok, na kesho yake tukarudi Nairobi bila tatizo lolote. Nilipompelekea shemeji gari, alilizungusha mtaani akipiga breki, akafungua magurudumu ya mbele akaona pedi bado ni nene, akaongeza mafuta ya breki kidogo, kisha akamwambia mume wangu kwamba gari ni zima, ila mimi nilishikwa na woga wa mteremko. Tangu hapo hilo ndilo neno la nyumbani. Nikigusia safari, naambiwa nisirudie hadithi ya Mai Mahiu.

Desemba nakwenda Kisii na watoto pamoja na mama mkwe, kwa njia hiyo hiyo. Mume wangu yuko kazini Mombasa, atatukuta huko, kwa hiyo dereva ni mimi peke yangu. Mzee, inawezekana breki ife halafu ifufuke yenyewe? Na kama shemeji amekosea, nitamwambiaje bila kuonekana ninamdharau? La mwisho: mwaka jana alituwekea matairi mawili ya mitumba, meno yake bado ni marefu. Nayo nisiyaogope?

Mwalimu mwenye wasiwasi, Donholm

*

Mwalimu,

Nianze na jibu lenyewe ili usilitafute hadi chini: usiteremke Mai Mahiu na gari hilo jinsi lilivyo sasa. Ulichokiona hakikuwa woga. Breki inaweza kufa na kufufuka yenyewe, na kila dalili uliyoitaja, kuanzia harufu ile, pedali kulainika, hadi kurudi imara baada ya kupumzika, inaelekea upande mmoja. Nakuamini, na ningependa na mume wako aisome barua hii mwenyewe.

Unapokanyaga pedali, mguu wako hausukumi pedi moja kwa moja. Unasukuma mafuta ya breki yaliyo ndani ya mabomba membamba, mafuta yanasukuma pistoni kwenye kila gurudumu, na pistoni inabana pedi kwenye diski. Mpango wote huo unategemea jambo moja tu, kwamba kitu cha majimaji hakikubali kubanwa kikapungua. Mvuke unakubali. Chukua bomba la sindano, lijaze maji, ziba tundu kwa kidole kisha usukume: haliendi popote. Lijaze hewa ufanye vivyo hivyo, na mkono wako utazama karibu hadi mwisho. Pedali yako ilizama kwa sababu hiyo. Mafuta yalichemka karibu na magurudumu, yakatoa mvuke, na nguvu ya mguu wako ikaishia kuubana mvuke badala ya kubana pedi.

Sasa, mafuta mapya ya breki hayachemki kirahisi. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, na ya DOT 4 chini ya nyuzi 230. Lakini yana tabia ambayo wenye magari wengi hawaijui: hunyonya maji. Unyevu huingia polepole kupitia hozi za mpira na tundu la kupumulia la kifuniko, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Viwango vya kimataifa huyapima pia yakiwa na maji ya asilimia 3.7, na hapo DOT 3 inaruhusiwa kuchemka kwa nyuzi 140 tu, DOT 4 kwa nyuzi 155. Diski kwenye mteremko mrefu zinaweza kupita nyuzi 300, na joto hilo halibaki kwenye diski. Linapita kwenye pedi, linaingia kwenye pistoni, linayakuta mafuta.

Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari huagiza mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, gari liwe limetembea au halikutembea. Huko Japani gari la abiria hupitia ukaguzi wa lazima likifikisha miaka 3 tangu liwe jipya, kisha kila baada ya miaka 2, na mafuta haya mara nyingi hubadilishwa wakati huo. Likishuka bandarini Mombasa, utaratibu huo unakatika. Umemiliki gari miaka minne na barua yako inataja oili ya injini peke yake. Nina hakika karibu kabisa kwamba mafuta ya breki yaliyomo ndiyo yaliyokuja nalo, na yale machache aliyoongeza shemeji juu yake hayakusaidia kitu. Mafuta mapya yakimiminwa kwenye chombo cha juu hayateremki hadi kwenye magurudumu, na huko chini ndiko yanakochemka.

Utajiuliza mbona Jogoo Road hukuona lolote. Foleni za mjini huzipa breki kazi ndogondogo zenye mapumziko katikati. Kule ulikuwa na watu wazima watano na mzigo, gari linashuka kuelekea sakafu ya Bonde la Ufa, gia haizuii chochote, na uzito wote huo unategemea breki dakika baada ya dakika. Nyuma ya trela ni vibaya zaidi, kwa sababu mwendo ni mdogo na upepo wa kupoza diski ni mchache. Na safari ya kurudi, ile iliyowafanya nyumbani waseme gari ni zima, haikupima kitu: mlikuwa mnapanda.

Shemeji naye hakusema uongo. Alipima breki baridi, akaziona nzima, na kweli zikiwa baridi ni nzima. Mvuke ukipoa hurudi kuwa maji na kupotelea ndani ya mafuta, pedali inakuwa imara, na hakuna fundi duniani atakayeuona ugonjwa huo kwa kuzunguka mtaani mara mbili. Alipokosea ni kukuambia huna jambo. Dereva akisema pedali ilifika chini, fundi anapaswa kushika neno hilo na kutafuta hadi apate sababu, kwa maana aliyekuwa na mguu kwenye pedali ni dereva.

Iko sababu nyingine ambayo lazima iondolewe kwanza. Ndani ya masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, mna raba ambazo zikichakaa huruhusu mafuta kupita pembeni. Unaweza kuipima leo jioni gari likiwa limeegeshwa. Washa injini, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani, ushikilie hapo dakika nzima. Pedali ikikaa palepale, vizuri. Ikizama polepole chini ya mguu ilhali hujaongeza nguvu, masta silinda ina kasoro au kuna mahali panapovuja, na gari lisitoke hata kwenda dukani. Angalia pia nyuma ya kila gurudumu na chini ya dashibodi karibu na pedali kama pana unyevunyevu. Kama kiwango cha mafuta kilikuwa kimeshuka kabla shemeji hajaongeza, kuna mahali yalikwenda: ama pedi zimelika, ama yanavuja.

Pima pia servo, kile kifaa kinachouongezea mguu wako nguvu ya kusukuma breki, ukiwa hapohapo. Injini ikiwa imezimwa, pampu pedali hadi iwe ngumu, ishikilie, kisha washa injini. Inatakiwa ishuke kidogo tu chini ya mguu. Isiposhuka, servo au bomba lake la upepo halifanyi kazi.

Kazi ninayotaka ifanywe ni hii. Mafuta yote ya breki yatolewe kwenye magurudumu yote manne hadi yatoke mapya yasiyo na mapovu, na chombo cha juu kisiachwe kikauke katikati ya kazi, la sivyo hewa itaingia. Soma kifuniko chake, kimeandikwa DOT 3 au DOT 4. Nunua chupa mwenyewe, iliyofungwa, yenye lakiri isiyovunjwa. Usikubali mabaki ya chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikakaa rafuni, kwani hayo nayo yameshanyonya maji. Ukikuta DOT 5 tupu, isiyoandikwa 5.1, iache, hiyo ni ya silikoni na haichanganywi na hizi. Wala mtu asikutilie oili ya injini au ya giaboksi kwenye chombo hicho hata kwa dharura, kwa sababu huvimbisha raba zote na baada ya hapo utanunua mfumo mzima. Pedi na diski zitazamwe upya baada ya joto lile. Pedi inaweza kuwa nene na bado uso wake umeungua ukawa kama kioo, na ikiwa hivyo haishiki vizuri. Zikibaki milimita 3 zibadilishwe bila mjadala. Breki za nyuma pia zifunguliwe. Mafundi wetu hupenda kuishia mbele, na wewe umeandika wazi kwamba alifungua magurudumu ya mbele tu.

Ukijumlisha gharama, mafuta hayo ni ya bei ndogo kuliko tairi moja. Inaniuma kuona familia zikitafuta pesa za kupaka gari rangi au kubadilisha viti, na hiki kinachowasimamisha barabarani hakikumbukwi.

Kuhusu kumwambia shemeji, usiende na neno "umekosea". Nenda na maelezo ya pedali, polepole, kama ulivyoniandikia mimi: ilishuka laini, haikuwa ngumu, na ilirudi baada ya kupoa. Hapo pana tofauti ambayo fundi mwenye akili ataishika mwenyewe. Pedi zikizidiwa na joto, pedali hubaki ngumu lakini gari halipungui mwendo. Mafuta yakichemka, pedali hulainika na kuzama. Kisha umuulize: "Shemeji, mafuta haya tuliyabadilisha lini yote?" Nyamaza umsubiri ajibu. Kuna kifaa kidogo chenye taa, kama kalamu, kinachochovywa kwenye mafuta kuonyesha kiasi cha maji. Kikionyesha asilimia 3 au zaidi, ubishi umekwisha na hakuna aliyeaibishwa. Rangi peke yake isiwahadae, maana mafuta meusi ni dalili mbaya lakini hata yenye rangi ya asali yanaweza kuwa na maji. Mwombe afanye kazi hiyo wewe ukiwa umekaa pale, naye akuonyeshe anachotoa. Fundi anayejiamini hufurahia mteja anayetazama.

Akikataa, au mume wako akisema ni gharama bure, peleka gari kwa mtu wa nje. Kituo cha ukaguzi wa magari cha NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kiko Likoni Road, Industrial Area, na gereji kubwa kadhaa jijini zina mashine ya rola inayopima nguvu ya breki ya kila gurudumu. Karatasi yenye matokeo husaidia nyumba yenye ubishi, kwa sababu haina undugu na yeyote. Lakini mwambie mtu huyo kisa cha mteremko, maana hata rola hupima breki zisizo na joto la Mai Mahiu. Na tafadhali, heshima ya shemeji isipimwe kwa uhai wa watoto. Atanuna wiki moja, mtakula pamoja Krismasi.

Matairi ya mitumba siyapendi, na urefu wa meno haunitulizi. Sheria nyingi duniani huweka milimita 1.6 kama mwisho, lakini tairi huzeeka hata bila kutembea. Tafuta ubavuni maandishi ya DOT (hapa si daraja la mafuta), uangalie tarakimu nne za mwisho: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lililopita miaka 5 likaguliwe na mjuzi kila mwaka, na likifika 10 litupwe hata kama linaonekana jipya. Ukiona nyufa nyembamba ubavuni au uvimbe, usisubiri miaka hiyo. Kwa safari ya Kisii ningeyauza hayo mawili na kununua mapya mawili, nayo yawekwe nyuma, hata kama watu watakuambia mbele. Tairi la nyuma likiteleza kwenye kona yenye maji, gari huzunguka na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Upepo upimwe asubuhi kabla ya kutoka, matairi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Mara nyingi kuna kipimo cha gari lenye mzigo. Tumia hicho. Spea nayo ipimwe, na jeki na pembetatu za onyo ziwe juu ya mizigo, si chini yake.

Sasa uendeshaji wenyewe, maana hata mafuta mapya yanaweza kuchemshwa na dereva asiyejua. Gari la otomatiki lina gia za kuteremkia, sijui ni nani aliyeeneza habari kwamba halina. Tazama karibu na D: kutakuwa na L, au 2, au S, au B, au kitufe cha O/D, cha kuzima gia ya juu kabisa, ubavuni mwa mpini wa gia. Mteremko ukianza, punguza mwendo kwanza kwa breki, kisha shusha gia. Injini itanguruma kwa sauti ya juu. Usiogope, ndiyo inayolizuia gari. Kipimo ni kwamba uweze kushuka sehemu kubwa ya njia bila mguu kuwa kwenye breki. Unapozihitaji, kanyaga kwa uthabiti hadi mwendo ushuke kuliko unaoutaka, kisha achilia kabisa zipate hewa. Kule kukanyaga kidogokidogo mfululizo ulikokueleza ndiko kunakopika mafuta. Na usiweke N eti kuokoa petroli. Injini za kisasa za sindano hukata petroli zenyewe gari linaposhuka kwenye gia na mguu hauko kwenye aksileta, kwa hiyo huokoi chochote na unajinyima breki ya injini.

Kaa mbali na trela, hata kama wa nyuma yako anapiga honi. Ukisikia harufu ile tena, ni yako hadi uthibitishe vinginevyo. Tafuta mahali papana, simama, weka P na uondoe mguu kwenye breki. Usimwage maji kwenye diski ya moto, inaweza kupasuka au kupinda. Toka Nairobi alfajiri ili mteremko uupite kukiwa kumekucha. Kila mtu afunge mkanda, na mtoto asipakatwe na bibi kiti cha mbele.

Pedali ikizama gari likiwa linakwenda, ulifanya sawa kupampu harakaharaka. Ongeza haya: shusha gia hadi L, kisha vuta breki ya mkono taratibu huku umebonyeza kitufe chake ili uweze kuilegeza magurudumu yakianza kukwama. Kwenye magari mengi madogo kama lako breki hiyo huvutwa na waya, si mafuta, ndiyo maana ilikushikia. Injini usiizime, usukani utakuwa mzito. Taa za hatari, honi, na uelekee upande wa mlima, si wa bonde.

Na kama baada ya mafuta kubadilishwa pedali ilainike tena hata mara moja, msisubiri ipoe mkaendelea. Hapo kuna kasoro nyingine ambayo bado haijaonekana. Washushe watoto na mama mkwe, wakae mbali na barabara nyuma ya gari, weka pembetatu, na gari libebwe hadi gereji badala ya kuendeshwa. Kisii mtafika kwa matatu.